Hamu ya kujua yaweza kuwa silaha dhidi ya mbu

UKIINGIA katika nyumba ya kale ya mawe mjini Lamu, tuseme mtaa wa Mkomani, na mwenyeji akakuonyesha chooni, utakuta birika lililojengwa kwa mawe na chokaa pembeni mwa ukuta. Humo huhifadhiwa maji ya kuogea na kutawadhia. Inama utazame vizuri. Katika nyumba ambazo bado zinafuata desturi ya zamani utaona samaki wadogo wakizunguka ndani ya maji hayo. Hawakuwekwa kwa urembo. Kazi yao ni kula viluwiluwi vya mbu.

Desturi hiyo haikuletwa na afisa wa afya aliyepita na kipaza sauti. Lazima kulikuwa na mtu, zamani hizo, aliyeinama juu ya maji, akaona vidudu vikichezacheza, akataka kujua ni nini na vinakuwa nini. Akangoja siku chache, akaona mbu akiruka kutoka juu ya maji. Kisha akabaini kwamba palipo na samaki vidudu havipo. Mtu huyo hakulipwa na hakutishwa. Alisukumwa na hamu ya kujua tu, jambo ambalo kwa Kiswahili tunaliita udadisi, na ambalo mara nyingi watoto wetu huchapwa kwa sababu yake.

Katika miaka ya karibuni wanasayansi wameanza kuutafuta udadisi huo kwa makusudi. Kupitia simu za mkononi na intaneti wanawaomba maelfu ya watu wa kawaida wapige picha, wasikilize sauti, wahesabu, kisha watume walichokiona. Kazi ya namna hii huitwa sayansi ya wananchi. Hakuna mshahara. Swali linalowasumbua wenye kuiendesha ni hili: mtu ambaye ana shughuli zake, na ambaye salio la simu analinunua kwa fedha yake mwenyewe, atavutwa na nini aanze, na atazuiwa na nini asiache baada ya siku mbili?

Kwa watu wa Lamu swali hili si la wasomi peke yao. Kisiwa hiki kiliwahi kulipa gharama kubwa kwa sababu ya kilichokuwa ndani ya maji na hakuna aliyekuwa akikihesabu.

HOMA ILIYOWAKUNJA WATU

Mnamo Mei 2004 watu wa kisiwa cha Lamu walianza kuugua homa ya ghafla iliyoambatana na maumivu makali ya viungo. Magoti, vifundo vya miguu na vidole viliuma kiasi kwamba mtu alishindwa kusimama wima. Homa ya namna hii katika siku za mwanzo hufanana sana na malaria, na mtu wa pwani akipata homa jambo la kwanza kulifikiria ni malaria. Vipimo vya maabara ndivyo vilivyothibitisha kwamba huu ulikuwa ugonjwa mwingine: chikungunya.

Jina hilo ni la hapa hapa Afrika Mashariki. Limetokana na lugha ya Kimakonde na maana yake inahusu kujikunja au kupinda, kama mgonjwa anavyopinda kwa maumivu. Ugonjwa ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza baada ya mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 huko Newala, kusini mwa Tanganyika ya wakati huo.

Oktoba 2004, mlipuko ulipokuwa umetulia, watafiti walipima damu ya wakazi 288 wa Lamu. Watu 215 kati yao, yaani 75 katika kila 100, walionekana kuwa wameambukizwa. Kwa hesabu hiyo ilikadiriwa kwamba watu wapatao 13,500 kati ya wakazi 18,000 wa kisiwa hicho walipatwa na virusi hivyo katika muda wa miezi michache. Hebu fikiri, msomaji: katika nyumba ya watu wanne, watatu.

Kabla mwaka haujaisha virusi vilikuwa vimefika Mombasa. Mwaka 2005 vikaingia Visiwa vya Komoro, kisha vikavuka hadi kisiwa cha Reunion ambako karibu theluthi moja ya wakazi waliugua kati ya 2005 na 2006. Mwaka 2006 India iliripoti wagonjwa zaidi ya milioni moja waliodhaniwa kuwa na chikungunya. Wataalamu wa vinasaba waliofuata nyayo za virusi hivyo walirudi hadi pwani ya Kenya.

Kilichowashangaza wengi ni kwamba mlipuko wa Lamu haukuja na mvua. Ulikuja wakati wa ukame. Mbu anayeeneza chikungunya, Aedes aegypti, hapendi madimbwi ya matope. Anapenda maji yaliyotulia ndani ya vyombo: mapipa, mitungi, ndoo, matairi na mabirika. Mvua inapokosekana watu huweka akiba ya maji, na kwa kuwa ni machache hawayamwagi wala hawaoshi vyombo. Watafiti waliochunguza hali ya hewa ya mwaka ule walieleza kwamba maji ya akiba ambayo hayakubadilishwa mara kwa mara huenda ndiyo yaliyompa mbu nafasi. Yaani kila nyumba, kwa nia njema kabisa, ilikuwa inafuga.

Chikungunya haiui watu wengi. Lakini maumivu yake ya viungo kwa baadhi ya wagonjwa huendelea miezi kadhaa, hata miaka, na hakuna dawa mahususi ya kuviua virusi vyenyewe. Mvuvi asiyeweza kuvuta nyavu au mama asiyeweza kushika mwiko ana hasara ambayo haionekani katika takwimu za vifo.

NANI ATATAZAMA KILA BIRIKA?

Mbu huyu haruki mbali. Mara nyingi huishi siku zake zote karibu na pale alipozaliwa, na huuma mchana. Kwa hiyo aliyekuuma sebuleni yaelekea amekulia katika maji yako au ya jirani yako. Hapo ndipo ugumu wa kazi ya idara za afya unapoanza. Funguvisiwa la Lamu lina visiwa kadhaa vyenye watu, kuanzia Lamu yenyewe na Manda hadi Pate, Ndau na Kiwayu. Kutoka kimoja hadi kingine ni kwa mashua. Ndani ya mji wa Lamu njia ni nyembamba na usafiri wa siku zote ni punda na miguu. Visiwani Pate na Ndau kuna majabia ya kuvunia maji ya mvua. Hata serikali iwe na fedha kiasi gani, haiwezi kuajiri maafisa wa kutosha kuinama juu ya kila pipa kila wiki.

Watu ambao tayari wanainama juu ya maji hayo kila siku wapo. Ni wenye nyumba, na zaidi ni akina mama na watoto wanaochota. Macho hayakosekani. Kinachokosekana ni sababu ya kutazama.

Kwa miaka mingi sisi wa kurasa za afya tumetumia hofu. Tumeandika “fukieni madimbwi” na “mwageni maji yaliyotuama” mara nyingi kiasi kwamba mwandishi wa makala haya anaona haya kuyarudia. Msomaji anayajua maneno hayo kwa moyo. Hofu inafanya kazi wakati jirani anaumwa. Homa ikiisha mtaani, hofu nayo huisha, na pipa hurudi kuwa pipa tu.

PENGO LINALOWASHA

Mwaka 1994 mtaalamu wa Marekani, George Loewenstein, alieleza udadisi kwa njia ambayo hadi leo inatumiwa. Alisema udadisi huzuka mtu anapotambua pengo kati ya analolijua na analotaka kulijua. Pengo hilo humkera, kama unyasi uliokwama kwenye jino. Asiyejua chochote kuhusu jambo haoni pengo, kwa hiyo hana hamu. Anayejua yote naye hana. Hamu ni ya yule aliyeonjeshwa kidogo.

Watafiti wa Chuo cha Teknolojia cha California waliyathibitisha hayo mwaka 2009 kwa kuwauliza watu maswali ya chemshabongo. Waliona hamu ya kupata jibu ilikuwa kubwa zaidi kwa maswali ambayo mtu alikuwa na fununu ya jibu lakini hakuwa na hakika. Miaka mitano baadaye wenzao wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waliwaweka watu kwenye mashine inayopiga picha za ubongo. Kila mmoja aliulizwa swali, akasubiri sekunde 14 kabla ya kupewa jibu, na katikati ya kusubiri akaonyeshwa sura ya mtu asiyemjua. Maswali yaliyoamsha udadisi yaliziamsha sehemu za ubongo zinazohusika na kujisikia vizuri mtu apatapo zawadi, pamoja na sehemu ya kutunza kumbukumbu. Si hivyo tu. Watu walikumbuka majibu vizuri zaidi, na hata zile sura, ambazo hawakuwa na haja nazo, walizikumbuka vizuri zaidi.

Kwa lugha ya nyumbani ni kwamba ubongo wenye hamu huwa kama mtu mwenye njaa. Hupokea hata kile ambacho hakukiagiza. Kwa mwalimu wa afya hii ni habari kubwa kuliko bango lolote.

FUNZO LA PICHA TUPU

Mfano mzuri wa udadisi unaoendesha kazi ya kujitolea uko hapa jirani, Tanzania. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota waliweka kamera 225 katika mbuga ya Serengeti. Kila mnyama alipopita, kamera ilijipiga yenyewe. Picha zikawa nyingi mno, vifungu milioni 1.2, na hakuna chuo chenye wanafunzi wa kutosha kuzitazama. Mnamo Desemba 2012 ziliwekwa katika mtandao wa Zooniverse, na yeyote duniani akaombwa aseme anaona mnyama gani. Watu zaidi ya 28,000 walijiandikisha, wengine wengi wakafanya bila kujiandikisha, na majibu yakafika milioni 10.8. Kila picha ilitazamwa na watu kadhaa, na majibu yao yalipounganishwa yalilingana na ya wataalamu kwa zaidi ya 96 katika kila 100.

Sasa sikia hili. Karibu robo tatu ya vifungu hivyo vya picha havikuwa na mnyama yeyote. Yalikuwa majani yaliyotikiswa na upepo. Mtu angedhani picha tupu zinachosha na kufukuza watu, hivyo ziondolewe. Watafiti walipolichunguza jambo hilo waliona kinyume: watu waliokutana na picha tupu nyingi zaidi walikaa kazini muda mrefu zaidi. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 2015. Maelezo yanayokubalika ni kwamba utupu ndio unaoipa thamani picha ifuatayo. Kama kila ukurasa una simba, simba hana maana. Mvuvi yeyote wa Shela angeweza kuwaeleza hivyo bila utafiti. Ndoano ingekuwa inanasa kila ikitupwa, kuvua kungekuwa kazi ya kuchota.

Mwaka 2016 watafiti wengine walijaribu kuupandikiza udadisi kwa makusudi katika kazi ndogondogo za kwenye kompyuta, ambazo watu hulipwa senti chache kuzifanya. Walitengeneza kazi hizo kwa namna ya kuamsha hamu ya kujua. Watu waliendelea na kazi zaidi, na ubora wa kazi haukushuka. Hata hivyo hawakuficha kwamba nguvu ya udadisi ilitofautiana kati ya mtu na mtu, na kati ya kazi na kazi. Hii si dawa ya kila maradhi.

Je, si rahisi zaidi kulipa? Inategemea unataka nini. Mwaka 1973 wanasaikolojia wa Marekani waliwaahidi cheti watoto wadogo waliokuwa wakipenda kuchora. Watoto walichora, wakapewa cheti. Siku kadhaa baadaye, walipoachiwa wafanye wapendavyo, hao walioahidiwa cheti walichora kwa muda mfupi kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Zawadi iliigeuza starehe kuwa kibarua, na kibarua kikiisha mtu huenda zake. Hii isichukuliwe kuwa kisingizio cha kumnyima haki yake mtu anayefanya kazi ya kweli ya kila siku, kama wahudumu wa afya wa vijijini. Tunazungumza juu ya yule anayetazama pipa lake mwenyewe.

SIMU NA MBU

Mbinu hii imekwisha kujaribiwa dhidi ya mbu. Nchini Hispania mpango uitwao Mosquito Alert ulianza mwaka 2014. Mwananchi anampiga picha mbu aliyemwona, anaituma kwa programu ya simu, wataalamu wa wadudu wanaichunguza na kumjibu huyo ni mbu gani. Mwaka 2018 picha moja ya namna hiyo kutoka jimbo la Asturias ilifichua kuwepo kwa mbu mgeni, Aedes japonicus, ambaye hakuwahi kuonekana katika nchi hiyo. Aliyetuma picha hakuwa mtaalamu. Alimwona mbu ambaye hakumwelewa.

Shirika la anga la Marekani, NASA, lilitoa mwaka 2017 programu ya simu kwa ajili ya kutafuta mazalio ya mbu. Mtu hupiga picha ya chombo chenye maji, huhesabu viluwiluwi, na akiwa na kilenzi cha kukuzia cha kubandika kwenye simu anaweza kumtambua ni wa aina gani. Mwishoni programu humwuliza kama ameyamwaga maji hayo. Mwaka 2020 mtu mmoja huko Madagaska alipiga picha ya kiluwiluwi alichokikuta ndani ya tairi, akaituma. Watafiti walioichunguza picha hiyo baadaye, wakisaidiwa na kompyuta, walisema huenda ilikuwa ya Anopheles stephensi, mbu wa malaria kutoka Asia ya Kusini na Uarabuni ambaye hakuwa amewahi kuripotiwa katika kisiwa hicho. Picha peke yake haitoshi kuthibitisha, lakini ilitosha kuwaambia wataalamu mahali pa kwenda kutafuta.

Mbu huyo anastahili kutajwa mara mbili kwa wakazi wa miji. Mbu wa malaria tuliyemzoea huzaa zaidi mashambani na kwenye madimbwi yenye jua. Huyu wa Asia hupenda miji na huzaa katika matangi na vyombo vya maji safi, kama Aedes. Barani Afrika aligunduliwa Djibouti mwaka 2012, baadaye Ethiopia, Sudan, Somalia na kwingineko. Nchini Kenya alipatikana Marsabit, na taarifa ikatolewa na taasisi ya utafiti ya KEMRI mwaka 2023. Djibouti ni mji wa bandari. Lamu nayo imekuwa na bandari kubwa ya kisasa tangu mwaka 2021, mbali na majahazi ambayo yamekuwa yakienda Uarabuni na kurudi tangu enzi. Hatuna sababu ya kupiga ukelele, lakini tunayo sababu ya kutaka kujua ni mbu gani yumo birikani.

Kuna hata njia isiyohitaji kumwona mbu. Chuo Kikuu cha Oxford, kwa kushirikiana na Taasisi ya Afya ya Ifakara nchini Tanzania na wengineo, kiliunda mpango wa kunasa mlio wa mbu kwa simu za bei nafuu zinazowekwa kwenye chandarua usiku. Mabawa ya mbu jike hupiga mara mamia kwa sekunde, na kila aina ina mlio wake. Watu waliojitolea kupitia Zooniverse waliwekewa vipande vya sauti wasikilize na kuonyesha penye mlio wa mbu, ili kompyuta ifundishwe kwa majibu yao. Ule mlio unaotunyima usingizi ukageuka kuwa kitendawili.

KINACHOUUA UDADISI

Kitu kimoja huua udadisi haraka kuliko vyote: kutojibiwa. Mtu ametuma picha, amegharimia salio, kisha kimya. Atatuma ya pili? Katika miradi mingi ya intaneti wengi wa wanaoingia hufanya kidogo na kutoweka, na kazi kubwa hubebwa na wachache. Ukichunguza wanaobaki utaona mara nyingi wamepata jibu, na jibu hilo limewafungulia swali jingine. “Asante kwa picha yako” si jibu. Jibu ni “huyu wako analala sambamba na uso wa maji, kwa hiyo si wa chikungunya, je, kwenye mtungi wa nje wako vipi?” Mtu akisoma hivyo atatoka nje na tochi.

Wenye miradi wajihadhari pia na udadisi wa uongo. Kuna wanaoandika vichwa vya habari vya kutisha ili watu wabonyeze, na ndani hakuna kitu. Ukimfungulia mtu pengo kisha ukamlisha uvumi, siku ukiwa na habari ya kweli hatakusikiliza. Wakati wa mlipuko jambo hilo linaweza kugharimu afya.

Halafu kuna suala la stara. Katika nyumba ya Lamu birika liko ndani, mahali ambapo mgeni wa kiume hafiki. Picha ya birika ni picha ya ndani ya nyumba, na simu nyingi huandika pamoja na picha mahali hasa ilipopigwa. Mtu ana haki ya kuuliza picha hii itaonwa na nani, na ramani itaonyesha nyumba yake au mtaa tu. Mradi ambao hauwezi kulijibu swali hilo kwa lugha ya kueleweka haustahili picha hiyo. Kwa sababu hiyo hiyo, mtafutaji bora wa viluwiluwi huko Lamu si kijana wa mjini mwenye simu kubwa anayebisha hodi mlangoni. Ni binti wa nyumba ile, au mama yake.

Lisisahaulike pia kwamba ramani inayochorwa kwa picha za wananchi huonyesha mbu walipo na simu zilipo kwa pamoja. Mtaa usiotuma picha si lazima uwe safi. Huenda mtandao haufiki. Kijiji cha Pate chenye simu tano za kisasa kitaonekana kina mbu wachache kuliko Langoni. Wataalamu wanajua kulisahihisha jambo hili kiasi, lakini msomaji wa ramani naye ajue.

TAZAMA MWENYEWE

Kwa anayetaka kuanza leo, bila programu yoyote, achukue tochi na kikombe cheupe, achote maji ya juu kutoka pipa au birika. Viluwiluwi wakiwepo watashuka kwa kujipindapinda, kisha baada ya muda watapanda tena kuvuta pumzi. Hapo ndipo pa kuangalia. Kiluwiluwi wa Anopheles, mbu wa malaria, hulala sambamba na uso wa maji kama kijiti kinachoelea. Wa Aedes na wa Culex hawawezi kulala hivyo. Hupumua kwa kijibomba kilicho mkiani, kwa hiyo huning’inia kichwa chini. Kuwatenganisha hao wawili kwa macho ni kazi zaidi, ingawa mahali husaidia: Culex, ambaye katika miji ya pwani huhusika na matende na mabusha, hupenda maji machafu ya mitaro na mashimo ya vyoo, na Aedes hupenda maji safi ya vyombo. Vile vingine vyenye umbo la alama ya mkato, vinavyorukaruka, viko karibu kuwa mbu kamili. Siku mbili tatu zimebaki.

Ukishatazama, na ukishapiga picha kama una pa kuituma, mwaga maji juu ya ardhi kavu, si mtaroni. Maji yakiwa ya thamani na hayamwagiki, yachuje kwa kitambaa safi na ufunike chombo barabara. Kisha usugue kuta za ndani kwa brashi, hasa pale ulipo mstari wa maji. Wengi huiruka hatua hii. Aedes hatagi ndani ya maji bali juu kidogo ya mstari huo, na mayai yake yakikauka hayafi. Yanaweza kukaa miezi yakingoja maji yapande tena. Pipa lililomwagwa bila kusuguliwa, likijazwa tena, litakuwa na viluwiluwi katika siku chache ingawa hakuna mbu aliyeingia.

Mwenye homa ya ghafla na maumivu ya viungo aende kupimwa zahanati badala ya kumeza dawa za malaria kwa kukisia. Asitumie aspirini mpaka homa ya dengi iwe imeondolewa, kwa kuwa dengi huenezwa na mbu huyo huyo na aspirini inaweza kuzidisha kutokwa na damu.

Na baada ya wiki moja rudi na kikombe chako kwenye chombo kile kile. Kutoka yai hadi mbu kamili, katika joto la pwani, huchukua kiasi cha siku saba hadi kumi.